Tunaponunua makala (makaa ya kupikia) Goma, tunawezaje kupunguza ukataji wa msitu?

Mama wa Keshero
Salamu kwenu nyote. Nyumbani kwetu tuko wengi, na chakula chetu cha kila siku ni maharagi, sombe na bugali, kwa hiyo mbabula, yaani jiko letu la makala, huwaka tangu asubuhi mpaka jioni. Ninaposikia kwamba msitu wa Hifadhi ya Virunga unaendelea kukatwa kwa sababu ya makala yanayouzwa mjini kwetu, jambo hilo linaniumiza sana. Gesi naiona madukani, lakini kununua chupa pamoja na jiko lake kwa mara moja ni mzigo mkubwa. Je, familia yenye kipato cha kawaida inunue nini, au iache kununua nini, ili isichangie ukataji huo?

Mwalimu wa Ndosho
Mama, asante kwa swali hili. Wengi wetu tunaliona gunia, mti hatuuoni. Katika tanuri la udongo linalotumiwa vijijini, kilo moja ya makala hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ukavu wa miti na ustadi wa mchomaji. Sehemu kubwa ya mti huishia kwenye moshi kabla gunia halijafungwa. Ndiyo maana makala kidogo unayookoa jikoni ni kuni nyingi zinazobaki msituni.

Kuna jambo lingine ambalo naliona zito zaidi, nalo linatuhusu sisi wanunuzi. Sokoni tunapenda makala mazito, yale ambayo ukigonganisha vipande viwili yanalia kama chuma, kwa sababu yanadumu motoni. Hayo hutokana na miti ya asili inayokua polepole, na kwa upande wetu miti hiyo imebaki hasa ndani ya hifadhi, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo tangu 1994 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Makala ya mikaratusi ni mepesi na huisha upesi, hivyo wateja wengi huyakataa. Lakini mkaratusi hupandwa na mkulima shambani mwake, huvunwa baada ya miaka michache, kisha kisiki chake huchipua tena. Mradi wa EcoMakala wa WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, ulianza mwaka 2007 kuwasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala. Tukiyakataa makala yao, tunamnyima mkulima soko na kumpa yule anayeingia hifadhini na shoka.

Fundi wa Birere
Naunga mkono maneno ya Mwalimu, ila makala mepesi kwenye mbabula ya bati tupu ni hasara. Weka mkono kando ya mbabula hiyo utahisi joto linavyotoka ubavuni badala ya kupanda kwenye sufuria. Nunua yenye udongo wa kuchomwa ndani, kwani huweza kupunguza makala kwa robo hadi nusu. Kabla ya kulipa, chunguza kama udongo haujapasuka, kama nafasi kati yake na bati imejazwa vizuri, na kama mlango wa majivu unafunga. Chakula kikishachemka, funga mlango huo karibu wote. Watu wengi huuacha wazi, na makala yanaungua bure.

Mama, hata mbao ni vilevile. Kwa ukuta au uzio, mbao za mikaratusi zinatosha. Mbao nyekundu za msituni zisitumike pale ambapo hazihitajiki.

Dada wa Himbi
Mama yangu, si lazima uhame makala kwa siku moja. Kwetu gesi ni ya chai, mayai na kupasha chakula, na maharagi yanabaki kwenye mbabula, baada ya kulowekwa usiku kucha na kupikwa kwa kifuniko. Kuloweka hakugharimu chochote, na maharagi huiva mapema zaidi. Ikiwa mtaa wenu unapata umeme wa maji, kama ule wa kituo cha Matebe huko Rutshuru, sufuria ya umeme inayobana mvuke inafaa sana kwa maharagi, kwa kuwa hula umeme mdogo kuliko jiko la sahani. Chupa ya gesi mnaweza kuichangia pole pole katika likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu.

Mama wa Keshero
Nawashukuru sana. Nitaanza na mbabula ya udongo na kuloweka maharagi. Mwalimu, nitatambuaje makala ya mikaratusi gunia likiwa limefungwa?

Mwalimu wa Ndosho
Omba ufunguliwe mdomo wa gunia. Mikaratusi huvunwa ikiwa michanga, hivyo vipande vyake mara nyingi ni vya mviringo na vyembamba, ilhali magogo ya msituni hutoa vipande vinene vilivyopasuliwa. Alama hiyo pekee haitoshi, maana hata matawi ya miti ya asili ni membamba. Muulize muuzaji makala yametoka kijiji gani na ni ya mti gani, na ukimpata anayejibu waziwazi na anayemfahamu mkulima wake, uwe mteja wake wa kudumu, hata kama gunia lake ni jepesi kidogo.