Mrejesho: diski ya muziki nimeshanunua

Wakuu, niliuliza ninunue diski gani ya nje ya kuhifadhia muziki hapa Kampala, ya inchi 3.5 au 2.5. Nimechukua mbili ndogo, TB 2 kila moja. Kilichoamua ni umeme: ile kubwa inataka adapta yake ukutani, ndogo inapata nguvu kupitia waya wa USB, hivyo umeme ukikatika laptopu inaendelea kuibeba. SSD, yaani diski ya chipu yenye kasi kubwa, haina kinachozunguka ndani, kweli, lakini kwa kusikiliza kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, kasi ile ni anasa. Nimeziformati kwa mfumo wa faili wa exFAT ili Windows na Mac zote zisome na kuandika. Ya pili ni nakala, inakaa kwa shangazi Jinja. Mzee uliyesema moja inatosha, hapo hatukubaliani.