Jengo likiporomoka, ndugu, vijana wa mtaa, waandishi na viongozi tuwaweke wapi?

MpangoWaKata: Wakuu, kamati yetu ya maafa inaandika mpango wa jengo kuporomoka. Kuokoa ni kazi ya Zimamoto (114), hilo halina mjadala. Tunakwama kwa watu wa nje. Wakifukuzwa wote tunapoteza msaada na taarifa, wakiachiwa wanavamia kifusi. Nani akae wapi?

KambaNaNgazi: Zungusheni utepe mara mbili. Wa ndani uwe mbali na ukuta uliobaki wima kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wake; humo ni waokoaji tu. Katikati kaeni na ambulensi, vifaa na waliojiandikisha. Mlango uwe mmoja, na karani mwenye daftari: jina, simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Bila daftari hilo, jengo likishuka tena hamjui mnamtafuta nani.

Vijana msiwarudishe nyumbani. Wapeni kofia ngumu na glavu, wapangeni mstari wa kupokezana ndoo za kifusi nje ya utepe wa ndani. Wakipanda juu wanashindilia matundu ambayo aliye chini anapumulia. Na waambiwe mapema: aliyebanwa mguu na zege kwa saa kadhaa haondolewi zege kabla mhudumu wa afya hajamwanzishia dripu. Potasiamu iliyovuja kwenye msuli uliopondeka hurudi ghafla kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Watu wamefia mikononi mwa waliowapenda kwa kukosa kujua hili.

Filimbi: mlio mmoja mrefu ni simama na kimya; mrefu na mfupi ni endelea; mifupi mitatu ni tokeni wote. Umati nao ufundishwe. Wakati wa kusikiliza, jenereta, bodaboda na droni zinazimwa.

DaftariLaNdugu: Naongezea kuhusu ndugu, maana ndio wenye taarifa. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, waliokwama chini waliwasiliana kwa simu. Ndugu watafutieni chumba cha jirani chenye maji na choo, wasikione kifusi, na ofisa mmoja yuleyule. Aulize: aliyekwama alikuwa ghorofa ya ngapi, upande gani, mara ya mwisho kawasiliana saa ngapi. Namba ya aliyekwama apewe ofisa, ndugu waache kupiga mfululizo. Chaji ikiisha, sauti hiyo imepotea. Taarifa itolewe kila saa hata kama hakuna jipya. Ukimya ndio unaowasukuma kwenye utepe. Mwenyekiti wa mtaa alete orodha ya wapangaji, ilinganishwe na ya hospitali.

MpangoWaKata: Ahsanteni sana. Na kiongozi akija na msafara?

KambaNaNgazi: Magari yabaki nje ya utepe wa nje, njia ya ambulensi isizibwe. Avae kofia, aandikwe mlangoni, aingie na msaidizi mmoja mpaka kwa kamanda, si kwenye kifusi. Hotuba aitolee kwenye kituo cha waandishi, ambako msemaji ni mmoja na saa zinajulikana. Jina la marehemu halitajwi pale kabla ndugu zake hawajaambiwa chumbani.