Nimelipia kutua mara tatu, nimetua mara mbili, halafu naambiwa nidanganye kwenye logibuku, daftari langu la safari

Wadau, naandika hii nikiwa ndani ya gari hapa nje ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, maana nikiingia Langata Road na hasira hizi nitagonga mtu.

Mimi ni rubani wa leseni ya kibinafsi, wale wa kuruka kwa kupenda na kwa pesa zao wenyewe. Ndege sina. Nakodisha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwa watu fulani humu ndani, siwataji, anayewajua atawajua. Jumamosi hii nilikuwa nimpeleke mama Nanyuki. Mama hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Ameshatangazia akina mama wote kanisani na sweta amenunua.

Kwa wasiojua: leseni peke yake haikuruhusu kubeba abiria. Lazima ndani ya siku 90 zilizopita uwe umepaa na kutua mara tatu, wewe mwenyewe ukiwa umeshika usukani. Leo Jumatano ni siku yangu ya 88. Piga hesabu Jumamosi ni ya ngapi. Isitoshe, jamaa hawa wana sharti lao la nyumbani: ukikaa siku 30 bila kuruka, ufunguo hupewi mpaka mwalimu apande nawe akuangalie. Hilo sina ugomvi nalo. Ndege ni yao, na nilivyotua mara ya kwanza leo, hata mimi nisingejipa ufunguo.

Nikapewa nafasi ya saa 2 asubuhi. Mnaijua Julai ya Nairobi. Wingu limelala juu ya mapaa kama blanketi, na sisi tunaoruka kwa kutazama nje tunakunywa chai ya tatu. Lilipoinuka, inaenda saa 5, kila mtu akawasha injini kwa pamoja: Caravan (ndege ndogo za abiria) za Mara zimejaa watalii, wanafunzi wa vyuo vyote, na mimi. Foleni ya ranwei (njia ya kurukia) namba 14 ikawa kama ya matatu Ijumaa jioni.

Hapo ndipo nilipoanza kuliwa. Wanatoza kwa mita ya Hobbs, ambayo inahesabu dakika tangu injini iwake, hata kama umesimama tu unakodolea macho mkia wa Caravan. Ndani ya ndege hiyohiyo kuna hesabu nyingine, ya takometa, inayofuata mizunguko ya injini. Injini ikinguruma polepole nayo inahesabu polepole. Hiyo ya polepole wanaitumia wenyewe kupanga sevisi. Ya haraka ni ya mteja. Muuza maziwa akiwa na vipimo viwili namna hii mtaani tungemfukuza.

Tukapaa. Sasa niwaambie ukweli wangu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa yake nyepesi. Kwenye fainali, yaani ule mstari wa mwisho wa kuja kutua, kifaa kinakuonyesha noti 65 (za mwendo, si za benki) lakini ardhi chini inakimbia kwa zaidi ya 70. Ukiwa unaruka kila wiki jicho lishazoea. Ukikaa miezi mitatu, jicho linakuambia unakwenda mbio mno, na mkono unataka kuvuta pua juu ili upunguze, na huko ndiko watu wanakopoteza mwendo karibu na ardhi. Mimi niliogopa hilo kupita kiasi, nikaja na 75. Mabati ya Kibera yakapita chini, ranwei ikaingia, ndege ikakataa kushuka. Ikaelea. Ikaelea tena. Mwalimu kimya, anaangalia dirishani kama abiria wa basi. Tukagusa mbali huko, tukaruka kidogo, tukagusa tena.

Ya pili ilikuwa tamu. 65 kamili, flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa) zote chini, magurudumu ya nyuma yakatangulia, king'ora cha kustoli, cha kuonya kuwa mabawa yanakaribia kushindwa kubeba, kikalia kidogo tu. Mwalimu akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Ya tatu, niko kwenye fainali, Caravan iliyotangulia haijatoka kwenye ranwei. Mnara ukaniambia nipae tena. Sawa kabisa. Mchanganyiko wa mafuta na hewa nilishaurekebisha kwa mwinuko huu, nikasukuma nguvu yote, nikapandisha flapu hatua kwa hatua, tukapita juu ya Mbuga ya Nairobi. Tukarudi upande wa upepo, sambamba na ranwei, nikaambiwa nizunguke papo hapo kuna Dash 8 inaingia. Nikazunguka. Watu wa mnara siwalaumu hata kidogo. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya mbuga hiyohiyo, wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafa. Nikiambiwa nizunguke mara kumi nitazunguka mara kumi.

Lakini mwalimu alikuwa anaangalia saa. Tulipopata fainali akasema mteja wake mwingine anangoja na nyuma yetu kuna ndege yenye mbio, "nipe mimi," akashika. Akatua yeye. Akatua vizuri sana, namsifu. Lakini si mimi niliyetua!

Hobbs ilisoma saa 1.4. Kwa 28,000 kwa saa hiyo ni 39,200, na mwalimu 5,000, jumla 44,200. Kwa kutua mara mbili. Nikamwambia dada wa ofisini kwa upole kabisa: dada, nimebakisha moja, naomba kesho niruke peke yangu nimalize. Sheria ya nchi inaniruhusu, kwa sababu zile siku 90 zinahusu abiria tu. Nikiwa peke yangu sibebi mtu. Akaenda ndani kumuuliza mkubwa. Akarudi: haiwezekani, cheki (ile ya kuangaliwa na mwalimu) haijakamilika, nilipe cheki nyingine, na cheki hailipiwi chini ya saa moja.

Nikasema, iweje nilipie saa nzima kwa kutua mara moja ambako mwalimu wenu ndiye aliyeninyang'anya? Ndipo mkubwa akatoka mwenyewe, akanishika bega, akasema, "Bwana, si uandike tatu tu? Nani atajua?"

Nani atajua! Nitajua mimi. Na mtu wa bima atajua siku gurudumu litakapopasuka Nanyuki mama yangu akiwa kiti cha kulia, atakapochukua logibuku yangu na karatasi za mwalimu akazilaza pamoja mezani. Hao hao wanaoniambia niandike tatu watakuwa wa kwanza kusema hawamjui huyu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata tatu zenyewe si kitu. Ile ya kwanza ya kuelea kama mwewe ingehesabiwa sawasawa na ile ya pili. Sheria inataka tatu, haiulizi zilikuwaje. Sisi tunaojua hali yetu tungependa kufanya kumi, wengine wanakwenda hadi uwanja mdogo wa Orly kule Kajiado wapate nafasi ya kuzunguka kwa raha. Lakini ukishalipia foleni kwa bei ya angani, hizo kumi utazipata wapi? Kwa hiyo watu wanafanya tatu za haraka haraka, wanabeba jamaa zao.

Naomba kujua: kuna anayekodisha kwa hesabu ya takometa, au kwa muda wa angani tu? Na kuna aliyewahi kurudishiwa pesa baada ya mwalimu kushika usukani bila dharura yoyote? Msiniambie ninunue ndege.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mama amepiga. Nimemwambia ndege imepata shida kidogo. Ameuliza, "Imeharibika, mwanangu?" Nikasema hapana. "Basi inataka nini tena?" Sikuwa na jibu.

NYONGEZA 2: Ofisi imenitumia ujumbe. Nafasi ya cheki iliyopo ni Jumanne, saa 2 asubuhi.