Notisi ya siku 90 imeletwa na benki: nyumba bado inaokoleka?

Kitengela_Plot7
Wadau, nyumba iko Kitengela, hatimiliki iko benki. Deni lililobaki ni milioni 4. Malimbikizo ni 186,000, yaani miezi mitatu ya 62,000. Notisi ya siku 90 imekuja ikidai milioni 4 zote. Siku hizo zikiisha, nyumba inapigwa mnada moja kwa moja? Nikimbilie kortini?

Karani wa Rehani
Haipigwi mnada siku ya 91. Notisi uliyo nayo ni ya kifungu cha 90, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012. Ikiisha bila malipo, benki lazima itoe notisi ya pili ya kuuza, siku 40, chini ya kifungu cha 96. Kisha dalali wa mnada akishapewa kazi analeta notisi yake ya siku 45, ndipo atangaze gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumla siku 189.

Kila karatasi iandike tarehe uliyoipokea na ilivyofika: mkononi, kwa posta au ilibandikwa getini. Bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe hata kidogo! Hatua ikirukwa au siku zisipotimia, hiyo bahasha ndiyo ushahidi wako.

Kifungu cha 90 kinataka notisi itaje kiasi cha kulipa ili kosa lirekebishwe, na haki yako ya kuomba nafuu mahakamani. Yako inadai deni zima. Wiki hii iandikie benki ikupe taarifa ya akaunti tangu mkopo uanze na kiasi cha kufuta malimbikizo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa mapokezi. Na kulipa kidogo kidogo bila makubaliano ya maandishi hakusimamishi siku kuhesabiwa. Watu wengi huumia hapo.

Wakili Jirani
Kortini, ndugu yangu, usiende na hoja ya "hesabu ya benki si sahihi" peke yake. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba ubishi juu ya kiasi hauzuii mnada. Hoja zenye nguvu ni notisi yenye kasoro au isiyofika, tathmini ya thamani ya nyumba iliyofanywa zaidi ya miezi 12 kabla ya mnada, au rehani ya nyumba ya familia iliyowekwa bila ridhaa ya mke au mume (kifungu cha 79). Lakini kama ndoa ilifungwa baada ya rehani kusajiliwa, hoja hiyo ya mwisho inaanguka.

Angalia pia kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki na msingi (deni bila riba) ukiwa milioni 4, riba kuanzia hapo haiwezi kuzidi milioni 4 nyingine. Gharama za kufuatilia deni ziko nje ya ukomo huo.

Kitengela_Plot7
Asante sana. Na kama 186,000 haipatikani kabisa?

Karani wa Rehani
Omba kupangiwa upya mkopo kabla siku 90 hazijaisha. Ambatisha hati za mapato na utaje kiasi unachoweza kila mwezi, kwa mfano 40,000. Barua ya "naomba mnivumilie" bila namba haina kazi.

Ikishindikana, uza mwenyewe. Bei ya mnada kwa kawaida huwa chini ya ile unayoweza kupata kwa mnunuzi uliyemtafuta. Benki inatoa taarifa ya kiasi cha kumaliza deni, wakili wa mnunuzi anatoa ahadi yake ya maandishi kwamba kiasi hicho kitalipwa, halafu benki inaachia hatimiliki na hati ya kufuta rehani. Mnunuzi anayelipa kwa mkopo huchukua miezi, kwa hiyo anza kumtafuta sasa, usingoje dalali.

Wakili Jirani
Haki ya kukomboa nyumba kwa kulipa deni inakwisha nyundo ya mnada ikishapigwa. Baada ya hapo, kosa la benki kwa kawaida utalidai kama fidia ya pesa; nyumba yenyewe ni vigumu mno kuirudisha.