Tupeane uzoefu: muziki wa muvi uliokutoa jasho kibandani

Mtoto wa Malaba: Jana nimepita kwa kijana anayejazia watu muvi kwenye flashi, akawa anapiga ule mdundo wa muvi ya Terminator. Dum-dum-dum, da-dum. Nywele zilisimama. Brad Fiedel aliutunga mwaka 1984 kwa sintesaiza, kile kinanda cha umeme, na ukijaribu kuufuata kwa makofi unapotea, hauendi nne-nne kama nyimbo tulizozoea. Enzi zile kwenye kibanda cha video, sisi watoto kwenye benchi la mbele tulidhani mashine ya VJ, yule anayetafsiri muvi kwa kipaza sauti, imeharibika. Haya, leteni za kwenu. Za kutisha, za majasusi, za angani, zote ruhusa.

Bint Bombo: Za kutisha mimi simo. Ila huo mdundo naujua, kaka zangu waliugonga kwenye sufuria mpaka mama akaficha miiko.

Fundi Spika, Jinja: Nitasema neno litakaloudhi watu. Muziki wa muvi hapa Uganda hatujausikia. Ukianza tu kupanda, VJ naye anapanda. Blade Runner nimekuja kuisikia ukubwani, kwa hedifoni, ndipo nikajua mtunzi wake Vangelis alivyolijaza lile jiji la mvua kwa sintesaiza. Kibandani tulichosikia ni VJ anamsema steringi kwa kutembea bila mwavuli.

Mwana Katwe: Ssebo, VJ usimguse. Mama yangu Kiingereza hajui, lakini ukimwuliza habari za roboti atakueleza mpaka ulale, na aliyemfundisha ni VJ Jingo. Halafu ile muvi iliyotengenezwa na Nabwana kule Wakaliga, Kampala, Kapteni Alex, 2010, Wazungu wanaitazama na kelele zote za VJ Emmie juu yake. Wanazipenda!

Fundi Spika, Jinja: Ile ya kuchekesha. Mweke VJ kwenye Psycho, ile ya kutisha, tuone. Mtunzi wake Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi peke yake, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, mwaka 1960. Sasa pale bafuni fidla zinalia, mtu anakuingilia na "nyabo, toka humo!"

Mwana Katwe: Nimecheka. Lakini si alipaswa kutoka?

Dereva Mstaafu, Tororo: Nyinyi mnabishania VJ, mimi nusura niungue. Kilikuwa kibanda njia ya Malaba, sikitaji maana mwenyewe yu hai. Kuta za matete, juu turubai jeusi, jenereta nyuma. Muvi ya chombo kilichopotea angani, na ndani yake kuna mnyama. Zile ambazo muziki unanyamaza kwanza, unabaki mvumo tu kama wa friji mbovu. Kimya, hata muuza karanga amekaa chini. Mara moshi. Hakuna aliyeinuka! Kwenye tivii chombo kinafuka moshi, sisi tunakohoa, mzee mmoja akasema leo wametuletea ya kisasa. Na VJ, Mungu ambariki, anatangaza: "Moshi huo, kapteni hajui unatoka wapi!" Muziki ukalipuka, mnyama akaruka, na turubai nalo likashika. Weee! Mlango nani aliutafuta? Tulipita ukutani. Mimi nilijikuta katikati ya mtama wa watu, kiatu kimoja, na jenereta bado linanguruma, kwa hiyo fidla zinaendelea kulia ndani ya moshi. Vijana wa kuosha malori ndio waliouzima moto. Na mwenye kibanda? Kasimama penye mlango, ukuta wenyewe haupo, anasema anayerudi alipe nusu.

Bint Bombo: NUSU??

Mtoto wa Malaba: Mzee shikamoo. Hicho kibanda nakijua, kilikuwa cha mabati.

Dereva Mstaafu, Tororo: Marahaba. Mabati ni baada ya moto, kijana.

Mwana Katwe: VJ alipona?

Dereva Mstaafu, Tororo: Alikuwa wa kwanza kutoka. Kipaza sauti mkononi, waya umekatika.

Fundi Spika, Jinja: Kumbe siku hiyo mlisikia muziki bila VJ.

Mwanafunzi, Mbale: Samahanini wakubwa, mimi ndio naanza kuupenda huu muziki. Nina simu tu. Nianzie wapi?

Fundi Spika, Jinja: Hedifoni, hata za bei ndogo, besi ipunguze. Anza na ya muvi ya Interstellar. Mtunzi Hans Zimmer alikitumia kinanda cha kanisa la Temple, London, utasikia kinavyopumua. Sikiliza usiku, taa zimezimwa.

Mwana Katwe: Achana na hedifoni. Azima spika ya harusini, iweke dirishani, besi mpaka mwisho. Majirani nao wafaidi.

Bint Bombo: Usiku usithubutu. Bibi yetu alisikia ile ya kinanda usiku wa manane akatuma aitwe shehe aje asome.

Mwanafunzi, Mbale: Sasa nimfuate nani?

Fundi Spika, Jinja: Mimi. Huyo wa Katwe atakufukuzisha nyumba.

Mwana Katwe: Fundi wa spika anayekataza besi! Wateja wako wanajua?

Mtoto wa Malaba: Mzee wa Tororo, ile muvi iliishaje?

Dereva Mstaafu, Tororo: Nililipa nusu nikarudi. Petroli ikaisha mnyama akiwa bado hajafa.