Tupeane uzoefu: "possible" na "probable" zilishakuponza?

Wakuu habari zenu. Naileta hii mada kwa sababu imeniuma mwenyewe na naamini siko peke yangu. Sisi tukiulizwa jambo tunajibu "inawezekana", na neno hilohilo tunalitumia kwa kitu chenye nafasi finyu na kwa kitu kilichobaki kidogo tu kitokee, anayekusikiliza anapima kwa sauti yako. Sasa kwenye karatasi sauti haipo. Nilifanya intavyuu, nafasi akapewa mwingine, ila wakaniandikia "it is possible that we will have a second position in January". Mimi nikasoma Januari naitwa. Nikakataa mkataba wa miezi sita sehemu nyingine, nikakaa nikisubiri, Januari ikaja ikapita kimya, nilipouliza wakanijibu kwa upole kabisa kwamba nafasi ya pili haikupitishwa. Nikairudia ile imeili nikitafuta walipodanganya, sikupaona. "Possible" inasema tu hakuna kinachozuia jambo lisitokee, basi. Wangekuwa wanaliona linakuja wangeandika "probable". Embu tupeane uzoefu, wewe yalikukuta wapi?

---

Pole sana mkuu. Mimi ilikuwa darasani, niliandika "it is probable to finish the work today" mwalimu akapiga mstari mwekundu na hakueleza, nikabaki nalo miaka. Baadaye ndo nikaja kuelewa, "possible to" ipo kwa sababu inazungumzia kuweza, kazi inamalizika au haimaliziki, ila "probable" haizungumzii kuweza, inapima nafasi ya jambo kutokea, kwahiyo inataka "probable that". Ukitaka "to" tumia "likely to". Na usiseme "he is possible to come", hiyo haipo kabisa, ni "he may come".

---

Mimi ni ripoti ya hospitali. Baba alipigwa eksirei ya kifua, karatasi ikaja nyumbani kabla hatujaonana na daktari, na kwa sababu mimi ndo nilikuwa najua Kiingereza wakanipa nisome. Imeandikwa "possible nodule, right lung". Nikawaambia ana uvimbe kwenye pafu. Hivyo hivyo. Mama hakula siku mbili, ndugu wakaanza kupiga simu usiku, baba mwenyewe akaanza kugawa maagizo ya nani afanye nini akiondoka. Daktari alipoisoma akatuuliza nani amewaambia ana uvimbe, akatueleza kwamba msomaji wa picha akiandika "possible" ameona kitu asichoweza kukiondoa kwa picha ile moja, na akiegemea upande wa ndiyo anaandika "probable". Wakarudia kipimo kingine, kumbe ni mishipa ya damu imepishana na mbavu ikatoa kivuli. Baba mzima mpaka leo. Lakini wiki ile mimi sijaisahau, maana kilichowaumiza ni tafsiri yangu, ripoti ilikuwa sahihi. Kama unasomea familia karatasi za hospitali, tafadhali soma neno lilivyo, na ukikwama sema ngoja tumuulize daktari.

---

Hapo kwenye afya niongezee kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya WHO, lina makundi, 2A ni "probably carcinogenic" na 2B ni "possibly carcinogenic" (carcinogenic ni kitu kinacholeta saratani). Mawimbi ya redio ya simu yaliwekwa 2B mwaka 2011, aspartame, ile sukari bandia, nayo 2B mwaka 2023, nyama nyekundu ikawekwa 2A mwaka 2015. Habari zikifika kwetu zote zinakuwa "yanasababisha saratani". Mimi nilishamkataza mtoto kulala na simu karibu kwa ajili ya kichwa cha habari cha namna hiyo, nikamtisha mpaka akalia, na leo najuta ile namna nilivyomwambia. Halafu kitu wengi hawajui, makundi yale yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani.

---

Mnaodhani ni shida ya sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani someni habari za Sherman Kent, mchambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1951 ofisi yake ilitoa makadirio kwamba kuna "serious possibility" ya Yugoslavia kushambuliwa, mtu mmoja akamuuliza mnamaanisha nini, Kent akasema yeye anaona kama asilimia 65 kwa 35 kwamba itashambuliwa, yule mtu akashtuka maana alidhani ni chini sana. Kent akarudi kuwauliza wenzake waliokaa naye meza moja kuandika, wengine walimaanisha 80 kwa 20 na wengine 20 kwa 80! Waliikubali sentensi wote. Mwaka 1964 akaandika pendekezo lake, "probable" akaiweka kwenye asilimia 75 hivi, ipande au ishuke 12, ila "possible" hakuipa namba. Mimi natafsiri ripoti kwa kulipwa na toka nimesoma hilo nikikutana na "possible" naiacha "inawezekana" bila kuongeza "sana" wala "kubwa".

---

Mleta mada nakupinga sehemu moja tu. Kiswahili kina maneno, sisi ndo hatuyatumii. "Inaelekea" hiyo ni "probable" kabisa, mtu akisema inaelekea hatakuja unajua ameshaona dalili. Kuna "huenda", kuna "pengine", "yamkini". Tumezoea kutupa "inawezekana" kila mahali.

---

Mkuu hapo nakubali, "inaelekea" sikuifikiria na inakaa vizuri.

---

Mimi siku hizi nauliza tu. Nilikuwa nasubiri kifaa, muuzaji akaniandikia "delivery by Friday is possible". Nikamjibu, possible au probable? Akasema kweli kabisa ni kama 30 kwa 100. Nikahamisha ratiba ya fundi hapohapo, mzigo ukafika Jumatano ya wiki iliyofuata na hakuna aliyegombana na mtu.

---

Asanteni sana wadau, nimejifunza. Naomba mnisaidie na hii, jana nimeandikiwa "we may well contact you next month". Hii "may well" inaangukia upande gani?

---

Upande wa "probable" mkuu. "May" ikiwa peke yake ingekuwa "possible", hiyo "well" ndo imeisogeza. Ila safari hii ukipata mkataba sehemu nyingine saini.