Vibao vya zege vya kukanyagia bustanini: kalibu ya mbao, beseni la plastiki, au kumwaga ardhini moja kwa moja?

Mtunza Maua

Ndugu wanachama, nakusudia kutengeneza njia ya vibao vya zege kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye matuta ya mboga, na ningependa kupata maoni yenu kabla sijanunua saruji. Nina njia tatu akilini: kuunda kalibu ya mbao, kutumia mabeseni ya plastiki yaliyochakaa, au kuchimba vishimo vyenye kina cha kibao na kumwaga zege humo humo. Udongo wangu ni wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Je, mngechagua ipi?

Fundi Mstaafu

Kwa udongo wa namna hiyo, njia ya kumwaga ardhini ndiyo ningeitupa kwanza, ingawa ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote. Mfinyanzi unapovimba hunyanyua kibao upande mmoja, na kwa kuwa zege limeshika kingo za shimo, kukirekebisha ni kazi ya kukivunja. Kibao kilichotengenezwa kando na kulazwa juu ya mchanga hung'olewa, mchanga ukasawazishwa, kikarudishwa mahali pake. Tena udongo mkavu hufyonza maji ya zege kutoka pembeni na chini, hivyo kingo hubaki dhaifu na kumomonyoka mapema. Anayelazimika kumwaga ardhini na atandike nailoni kwanza.

Mimi nachagua mbao. Fremu ya mbao nne zenye kimo cha sentimita 5, zilizoungwa kwa skrubu wala si kwa misumari, huwekwa juu ya ubao bapa uliofunikwa nailoni. Nasisitiza skrubu kwa sababu fremu ya misumari hufunguliwa kwa nyundo, na nyundo hutikisa zege ambalo bado ni changa. Kibao cha sentimita 40 kwa 40 chenye unene huo kina uzito wa kilo 19 hivi, ambao mtu mmoja anaumudu. Cha 50 kwa 50 hufikia kilo 30, na hapo utahitaji msaidizi.

Bustani Ndogo

Naheshimu hoja za Fundi, lakini naona beseni limepuuzwa. Kuta zake zimelala kwa nje, kwa hiyo kibao hutoka bila kufungua kitu chochote, mradi umepaka mafuta ya kupikia kidogo kabla ya kumwaga. Kosa la wengi ni kukipindua kibao ili ule upande laini uliogusa plastiki uwe juu, kwa kuwa unang'aa na unapendeza machoni. Upande huo ukilowa huteleza vibaya. Kilaze kama kilivyomwagwa, upande mpana ukiwa juu, baada ya kuukwaruza kwa ufagio. Wakati wa kukwaruza ni pale mng'ao wa maji unapotoweka usoni na kidole kikibonyeza huacha alama bila kutoka na uji wa saruji. Ukiwahi, ufagio huchimba mifereji, na ukichelewa hauachi chochote.

Mtunza Maua

Nashukuru. Je, mchanganyiko uweje, na kuna haja ya kuweka waya wa kuku ndani?

Fundi Mstaafu

Saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto ndogo vitatu, kwa ndoo ile ile. Kokoto zisizidi milimita 10, maana kubwa zaidi hujitokeza kwenye kibao chembamba. Changanya vikavu hadi rangi ilingane, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Uzito wa maji usivuke sana nusu ya uzito wa saruji. Finyanga konzi moja mkononi ukiwa umevaa glavu, kwani saruji mbichi huunguza ngozi: donge likae bila kudondosha maji. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga, na ndiyo maana linapendwa, lakini maji ya ziada huacha vitundu vinavyolidhoofisha. Ukishajaza, gonga kando za kalibu hadi mapovu yaache kupanda.

Kuhusu waya, siuoni faida yake kubwa hapa. Hauzuii ufa, hushikilia tu vipande baada ya ufa kutokea, na ukikaa karibu na uso hushika kutu, hutanuka na kubandua zege. Afadhali nguvu hiyo uielekeze kwenye kumwagilia. Funika vibao kwa magunia yaliyolowa kwa muda wa siku 7, kwa sababu saruji hukomaa kwa kuungana na maji, si kwa kukaushwa na jua. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida katika siku ya 28, kwa hiyo usipitishe toroli lenye mzigo mapema.

Mchora Njia

Naongeza jambo moja kwa wapenda mapambo. Jani lenye mishipa minene, likibonyezwa kwenye zege bichi upande wa mishipa ukiwa chini na kubanduliwa baadaye, huacha alama nzuri isiyoongeza utelezi. Vipande vya chupa ni vya kuepukwa: mbali na kukata miguu, kioo huweza kuathiriwa na alkali ya saruji, kikatanuka na kuleta nyufa.

Mtunza Maua

Basi nimeamua: kalibu za mbao kwa njia kuu, na mabeseni kwa kona ya maua ambako hakupiti toroli. Nafasi kati ya kibao na kibao iwe kiasi gani?

Bustani Ndogo

Tembea mwendo wako wa kawaida huku ukitia alama kila unapokanyaga. Wengi huangukia sentimita 60 hivi, kutoka katikati ya kibao hadi katikati ya kinachofuata. Ikiwa njia inatumiwa pia na watoto au wazee, punguza. Kwenye mfinyanzi wako weka mchanga wa sentimita 5 ulioshindiliwa, na uso wa kibao uinuke kidogo juu ya udongo ili tope lisitulie juu yake. Kwenye nyasi fanya kinyume: kizamishe kidogo, mashine ya kukatia ipite juu bila kugonga.